Homoni ya Kiume Si Mganga wa Moyo

Kwa Vonza ni soko lililo kando ya barabara itokayo Machakos kwenda mji wa Kitui, katika nchi kame ambako mkulima hupanda ndengu na mtama huku akiangalia mbingu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake makuu hapo jirani, kilipata hati yake mwaka 2013, na tangu hapo mahali palipokuwa pa kupita tu pamegeuka pa kukaa: nyumba za kupangisha wanafunzi, vibanda vya chipsi, maduka ya dawa, bodaboda kila kona. Mwanamume wa sehemu hizi leo yuko mguu huku, mguu kule. Baba yake alishinda nyuma ya ng'ombe au jembeni, akala muthokoi na kunde, akanywa maji aliyoyafuata mbali. Yeye mwenyewe huenda akashinda juu ya pikipiki au kwenye kiti cha ofisi, akala vilivyokaangwa na kutiwa chumvi nyingi, na kitambi kikamwota kabla ya miaka 40. Na katika maisha haya mapya limeingia neno ambalo baba yake hakulijua: homoni. Anaambiwa redioni, kwenye simu na kwenye mabango ya wauza dawa kwamba uchovu wake, tumbo lake na kulegea kwake kitandani vinatokana na kupungua kwa homoni ya kiume, na kwamba akirudishiwa homoni hiyo hata moyo wake utakuwa salama.

Dai hilo si la kupuuzwa, kwa sababu lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli kwamba wanaume wenye homoni ya kiume kidogo sana hufa mapema zaidi, wakiwemo wanaokufa kwa maradhi ya moyo. Lakini ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne, sehemu yake ukitoka humu humu Afrika Mashariki, unaonyesha kwamba mara nyingi homoni hushuka kwa sababu mwili umeshaanza kuugua. Kuipandisha kwa dawa hakuuponyi moyo. Mwanamume anayetafuta homoni kabla ya kupima presha anaanzia mwisho wa safari, na muda anaoupoteza ni muda ambao mishipa yake inaendelea kuharibika.

Tuanze na homoni yenyewe. Testosteroni hutengenezwa hasa katika korodani, kwa amri itokayo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni ikipungua damuni, ubongo huongeza amri. Ikizidi, ubongo hunyamaza. Ndiyo inayoivunja sauti ya mvulana, ikamwotesha ndevu, ikajenga misuli na mifupa na kuamsha hamu ya tendo la ndoa. Pia huusukuma uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, jambo tutakalolirudia. Sehemu yake hugeuzwa kuwa estrojeni, ambayo tumezoea kuiita homoni ya kike ingawa mwanamume naye huihitaji kidogo ili mifupa yake iwe imara, na kazi hiyo ya kugeuza hufanyika kwa wingi katika mafuta ya mwili. Kwa vijana wenye afya na wasio wanene, kiwango cha kawaida huanzia takriban nanomoli 9 hadi 32 kwa kila lita ya damu. Pengo hilo ni kubwa: wanaume wawili wazima kabisa, mmoja anaweza kuwa na homoni mara tatu ya mwenzake, na wote wakawa sawa. Isitoshe, kiwango hupanda alfajiri na kushuka jioni, hushuka mtu anapokuwa na homa kali, hushuka akikosa usingizi. Ndiyo maana madaktari wa fani hii husisitiza kipimo kifanywe asubuhi, kabla ya kula, na kirudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana upungufu. Anayepimwa mara moja saa kumi jioni, akiwa ametoka kuugua malaria, akaambiwa homoni zake zimekwisha, hajatendewa haki.

Sasa ushahidi wa wanaoitetea homoni. Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na Bu Yeap wa Australia waliunganisha takwimu za tafiti 11 zilizowafuatilia wanaume zaidi ya 24,000 kwa miaka mingi. Waliokuwa na testosteroni chini ya nanomoli 7.4 kwa lita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa sababu yoyote ile, na walio chini ya 5.3 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Ni kazi nzuri na ya kuaminika. Lakini isomwe vizuri. Hatari haikupanda polepole kwa kila aliyepungukiwa kidogo. Ilijitokeza kwa wale waliokuwa chini kabisa. Mwanamume mwenye nanomoli 11, ambaye angeuziwa dawa upesi sana, hakuonekana kuwa hatarini kuliko mwenye 20. Na utafiti wa namna hii, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja bila kutuambia ni lipi linalolivuta jingine.

Tukichungulia ndani ya mwili, kamba inaonekana inavutwa kutoka upande wa ugonjwa. Mafuta yanapojaa tumboni, insulini huanza kushindwa kufanya kazi yake, na ini hupunguza ile protini inayoibeba testosteroni kwenye damu. Mafuta hayo hayo huigeuza sehemu kubwa zaidi ya testosteroni kuwa estrojeni, na ubongo hupunguza amri yake kwa korodani. Kisukari, ugonjwa wa figo, ini lililochoshwa na pombe, usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi, vyote huishusha homoni, na vyote, kwa njia zake vyenyewe, huuchosha moyo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliowachunguza zaidi ya wanaume 3,000 wa miaka 40 hadi 79, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba wenye upungufu wa kweli wa uzeeni, yaani homoni ya chini pamoja na dalili zake, walikuwa takriban 2 tu kwa kila 100. Unene ulikuwa na uzito mkubwa kuliko umri wenyewe katika kuishusha homoni, na wanene waliopungua uzito homoni yao ilipanda bila dawa yoyote. Mkaazi wa Kitui atanielewa nikisema hivi: mto Tiva unapobaki mchanga mtupu, ukavu wake ni habari ya mvua iliyokosekana. Kubeba maji kwa mitungi na kuyamwaga kwenye mchanga hakuileti mvua.

Lakini mfano si ushahidi, na msomaji mkali ana haki ya kudai zaidi. Basi tujiulize: kama testosteroni ndogo yenyewe ndiyo inayoharibu mishipa ya moyo, tutarajie nini? Tutarajie kwamba jamii ambazo wanaume wake wana homoni kidogo ziwe na mioyo mibovu kuliko zenye homoni nyingi. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2002, Peter Ellison na wenzake walilinganisha testosteroni iliyopimwa kwenye mate ya wanaume wa nchi nne, wakiwemo Walese, wakulima wa msitu wa Ituri mashariki mwa Kongo, na wanaume wa Marekani. Vijana wa Marekani walikuwa juu sana, Walese wakawa chini; lakini kadiri umri ulivyosonga, Wamarekani waliporomoka huku Walese wakishuka kidogo tu, hata uzeeni pengo likaisha karibu lote. Kwa hiyo kile tunachoambiwa ni msiba wa uzee wa kila mwanamume, yaani kuporomoka kwa homoni, ni kikubwa zaidi pale ambapo ujana ulikuwa na chakula cha kusaza. Mkulima anayelima kwa mkono na kula kwa kiasi huanza chini na kubaki karibu na pale pale. Mwili wake hutumia akiba yake kwa njia tofauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, kwa Watsimane wa misitu ya Bolivia, ambao ni wakulima, wavuvi na wawindaji. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta testosteroni ya wanaume wao iko chini ya ile ya Wamarekani wa rika lao kwa takriban theluthi moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, jarida la Lancet lilichapisha picha za mishipa ya moyo za Watsimane 705: watu 85 kwa kila 100 hawakuwa na dalili yoyote ya chokaa kwenye mishipa hiyo, na mzee wa miaka 80 alikuwa na mishipa kama ya Mmarekani wa miaka hamsini na kitu. Hakuna jamii iliyowahi kupimwa ikaonekana na mioyo safi kuliko hiyo. Ni watu wenye minyoo na maambukizi mengi, wanaofanya kazi za mwili saa sita au saba kwa siku, wasio na mafuta mengi chakulani na ambao ni wachache wanaovuta sigara. Homoni yao ni ndogo, na mioyo yao ni ya chuma. Hilo peke yake linatosha kuivunja dhana kwamba kushuka kwa homoni ndiko kunakoziba mishipa.

Watafiti waliokuja kwetu walikuta jambo jingine linalofaa kujulikana na kila anayeogopa kipimo chake. Kule Lamu, Peter Gray aliwapima wanaume Waswahili na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003: wenye wake zaidi ya mmoja walikuwa na testosteroni ya juu kuliko wengine. Tanzania, mwaka 2009, Martin Muller na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi, ambao baba hushinda na kulala na watoto wake, homoni za wenye watoto zilikuwa chini kuliko za wasio na watoto, hali ambayo haikuonekana kwa majirani zao wafugaji Wadatoga, ambao malezi ya mtoto mchanga ni kazi ya mama. Baba Mhadza anayembeba mwanawe si mgonjwa. Homoni hufuata maisha: ndoa, malezi, kazi, njaa, shibe, usingizi. Kuitazama namba moja kwenye karatasi ya maabara na kutoa hukumu juu ya moyo wa mtu ni kusahau yote hayo.

Na moyo wenyewe, hapa Kenya, tunajua ni nini kiliubadilisha. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, aliandika kwamba katika wagonjwa 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Mtu anaweza kusema kwamba wazee walikuwa wachache wakati huo, au kwamba waliolazwa walikuwa dhaifu, na pingamizi hilo ni la haki. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye Neil Poulter na wenzake walifanya jambo lisilo na utata: waliwafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yao ya mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha ya wahamaji ilikuwa imepanda ndani ya mwezi wa kwanza tu wa kuishi mjini. Mkojo wao ulisema sababu: chumvi imeongezeka, na potasiamu, ambayo mtu huipata kwenye mboga, matunda na vyakula vya shamba, imepungua. Uchunguzi mwingine, uliowahusisha Waluo, Wakamba na Wamaasai, ulikuta wakaazi wa mjini wakiwa wanene na wenye kisukari zaidi kuliko wa kijijini. Njia ya Mkamba kutoka Kitui kwenda Nairobi, Athi River au Mombasa ni ile ile. Tofauti ya leo ni kwamba hana haja ya kupanda basi. Mji umemfuata hadi Kwa Vonza, pamoja na chumvi yake, soda yake na kiti chake.

Swali la mwisho katika ushahidi ni la majaribio. Dawa hupimwa kwa kuwapa baadhi ya watu dawa ya kweli na wengine kitu kisicho na dawa, kisha kuhesabu. Historia ya homoni na moyo katika majaribio hayo ina funzo chungu tangu mwanzo. Madaktari wa Marekani walipoona wanawake wanapata maradhi ya moyo wakiwa wamechelewa kuliko wanaume, walidhani siri iko kwenye estrojeni. Katika miaka ya 1960 wakaanzisha jaribio la wanaume zaidi ya 8,000 walionusurika mshtuko wa moyo, na baadhi yao wakapewa estrojeni. Kipimo kikubwa kilisitishwa mwaka 1970 na kidogo mwaka 1973, kwa sababu kiliwaletea madhara, yakiwemo ya damu kuganda, na hakikuwaokoa. Hoja iliyoonekana nzuri vitabuni ilivunjika kwenye miili ya watu. Kisha ikaja zamu ya testosteroni. Mwaka 2010 jaribio la wanaume 209 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa na shida ya kutembea, lilisimamishwa kabla ya wakati: 23 kati ya waliopaka jeli ya testosteroni walipata matatizo ya moyo na mishipa, dhidi ya 5 kati ya waliopaka jeli tupu. Wadhibiti wa dawa wa Marekani wakatoa onyo mwaka 2015 na kudai jaribio kubwa.

Jaribio hilo lilitolewa mwaka 2023, likiwa na wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wenye homoni ya chini na wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa moyo walikuwa 7.0 kwa 100 kwa waliopewa testosteroni na 7.3 kwa 100 kwa wasiopewa. Wauzaji wa homoni walishangilia namba hizo, na kwa kweli ziliondoa hofu ya 2010. Lakini angalia kilichosemwa na kisichosemwa. Kilichosemwa ni kwamba homoni iliyotolewa kwa uangalifu, kwa wenye upungufu uliothibitishwa, haikuongeza mishtuko ya moyo. Hakuna aliyeonyesha kwamba iliipunguza. Na hata katika jaribio hilo lililosimamiwa vizuri, waliopewa homoni walipata zaidi tatizo la mapigo ya moyo kwenda mrama, madonge ya damu mapafuni na figo kuumia ghafla. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, ukiwatazama wanaume waliozaliwa na mwelekeo wa kuwa na testosteroni ya juu maisha yao yote, ulikuta wana hatari zaidi ya damu kuganda na ya moyo kushindwa kazi. Kama testosteroni ingekuwa mlinzi wa moyo, watu hao wangekuwa wa kwanza kulindwa.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu la heshima. Jaribio la Australia lililotolewa mwaka 2021 liliwahusisha wanaume 1,007 wanene walio karibu na kisukari au wenye kisukari kilichogunduliwa karibuni, wote wakiwa katika mpango wa kupunguza uzito. Baada ya miaka miwili, waliopata pia sindano za testosteroni walikuwa na kisukari 12 kwa 100, na wasiopata 21. Ni faida ya kweli, na kisukari ni adui wa moyo. Mbona basi tusiitumie? Kwa sababu katika jaribio lile lile, wanaume 22 kwa kila 100 waliodungwa damu yao ilikuwa nzito kupita mpaka wa usalama, dhidi ya 1 kwa 100 upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya uboho niliyoitaja: homoni huzidisha chembe nyekundu, na damu ikiwa nzito huganda upesi. Kwa mtu aliye karibu na maabara inayompima damu kila baada ya miezi michache, hatari hiyo inaweza kushikwa mapema. Kwa anayenunua sindano kwa rafiki wa gimu, au anayeishi mahali ambapo kipimo chake kitasafirishwa na majibu kungojewa, faida haijalipia gharama. Tena wale wasiodungwa, waliopunguza uzito tu, 79 kwa 100 nao hawakuwa na kisukari mwishoni.

Sisemi kwamba homoni haina wagonjwa wake. Wapo waliozaliwa na korodani zisizofanya kazi, waliopata ajali, waliopasuliwa tezi ya ubongo, na hao wanastahili dawa na hawapaswi kuonewa haya. Wapo pia wazee wenye saratani ya tezi dume, saratani inayoongoza kwa wanaume wa Kenya, ambao hutibiwa kwa kuzimwa testosteroni kabisa. Tiba hiyo huongeza hatari ya kisukari na ya maradhi ya moyo, na mzee anayeipata anapaswa kupimwa presha na sukari bila kukosa. Hali hizo zinaonyesha kwamba homoni ikizimika kabisa mwili huumia. Hazionyeshi kwamba aliye na kiasi chake cha kawaida atapata zaidi kwa kuongezewa. Wanaojidunga ili wajaze misuli wametuonyesha mwisho wake: uchunguzi wa wanyanyua vyuma 140 uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikuta mioyo ya waliotumia homoni za kujenga misuli ikisukuma damu kwa udhaifu kuliko ya wasiotumia, na mishipa yao ikiwa na utando zaidi.

Linabaki jambo ambalo wanaume hulificha kuliko yote. Wengi hawaendi kutafuta homoni kwa ajili ya moyo. Huenda kwa sababu uume hausimami kama zamani. Hapo moyo na kitanda vinakutana. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo ni 3 hadi 4. Utando unapoanza kuijaza mishipa ya mwili, mshipa ulio mwembamba huzibwa kwanza. Kwa hiyo kulegea huko mara nyingi hutangulia dalili za moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Dalili ya mvua ni mawingu, na hii ni wingu jeusi. Anayekimbilia mzizi wa mukombero, au kidonge cha bluu kinachouzwa bila cheti cha daktari, huliondoa wingu machoni na kuiacha mvua ije. Kidonge hicho chenyewe kina mahali pake, lakini kikikutana mwilini na dawa za maumivu ya kifua zenye naitreti, presha inaweza kuporomoka na mtu akafa. Na wadhibiti wa nchi nyingi wamekuta dawa hiyo hiyo imetiwa kisirisiri katika unga na asali vinavyouzwa kama miti shamba ya nguvu za kiume. Wapo wanaoikwepa dawa ya presha kwa hofu kwamba itawamaliza nguvu. Hofu hiyo ina asili: baadhi ya dawa za zamani, kama atenololi na zile za kukojoza, ziliweza kufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Lakini amlodipini na losatani, zinazotumika sana Kenya leo, kwa kawaida hazina tabia hiyo, na mgonjwa ana haki ya kuomba abadilishiwe dawa. Presha isiyotibiwa huzimaliza nguvu kwa hakika zaidi kuliko kidonge chochote cha kuitibu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata siku moja. Wanaume ndio wengi katika hao wasiopimwa. Mwanamke hupimwa kila anapokwenda kliniki ya wajawazito. Mwanamume hana mlango kama huo, na wengi hukutana na mashine ya presha kwa mara ya kwanza baada ya kiharusi. Tangu mwishoni mwa 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, vijijini kote, mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, ili wapime watu majumbani mwao. Mhudumu huyo akibisha hodi, mara nyingi humkuta mama na watoto. Baba yuko kazini, sokoni au kwenye mchanga wa mto. Ndugu msomaji mwanamume, kama umepita miaka 40, au kama kitambi kimekuota, au kama mambo ya kitandani yameanza kukuponyoka, mtafute mhudumu wa kijiji chenu kabla hujamtafuta muuza homoni. Mpe mkono wako afunge mkanda, na uulizie namba mbili zitakazotokea. Zikifika 140 kwa 90 siku mbili tofauti, nenda zahanati wiki hiyo hiyo.